Tunapima Kazi Ilivyo

Siku hizi mtu akitamka "mtihani wa vitendo" mbele yangu, damu inanichemka kabla hajamaliza. Na hapa Katoro hakuna aliyeusifu mtihani huo kuliko mimi.

Mimi ni fundi wa mota. Pampu za kuvuta maji zikiungua kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo, mota zake huletwa kwenye karakana yangu kando ya barabara ya Ushirombo, zimefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira. Nazifungua, natoa waya wa shaba uliokaangika, nasuka mpya, napaka vanishi, nakausha, napima, zinarudi kazini. Bila pampu maji yanajaa duara na wachimbaji wanashinda juu wakicheza bao. Kwa hiyo wenye maduara wengi wa ukanda huu wananijua, na wananiita Mama Fundi kwa adabu zote, ilimradi nibaki hukuhuku barabarani.

Cheti changu nilikipata Shinyanga mjini kwa mtihani wa zamani, ule wa karatasi. Niliulizwa nani aligundua umeme. Niliulizwa faida za usafi wa karakana. Sikuulizwa nisuke hata koili moja. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa na mwandiko mzuri kama wa kadi za harusi, akanipita kwa mbali, na mota ya kwanza aliyosuka baada ya kufaulu ilitoa moshi mbele ya mwenyewe. Tangu siku hiyo nilikuwa nahubiri kwa kila aliyekubali kunisikiliza kwamba fundi apewe mota, asipewe kalamu.

Karakanani nafanya kazi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Alihamia kwetu baada ya mume wake kufuata rashi, yaani machimbo mapya ya dhahabu, upande wa Chunya na kusahau njia ya kurudi. Mwanzoni alikuwa anafagia na kuchemsha chai. Baadaye akawa anasuka koili safi kuliko zangu, na silisemi hilo kwa furaha, maana mimi ni mtu wa wivu. Ila hakuwa na cheti. Migodi mikubwa, kule ambako mshahara unaingia benki na mtoto anatibiwa kwa bima, haiangalii mkono wako, inaangalia cheti. Wifi alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni kazi ya namna hiyo, ili watoto wake wasisubiri mota ya mtu iungue ndipo wale.

Ndiyo maana nilipoitwa na chuo cha ufundi kwenye kikao cha kutunga mtihani mpya wa mafundi mota wa migodini, nilifurahi mpaka nikashona gauni.

Kikao kilifanyika Geita mjini, kwenye ukumbi wa hoteli wenye mapazia mazito na feni zilizokuwa zikilia. Tulikuwa mafundi watupu, wengi wanaume, wengine wazee niliowaamkia shikamoo kabla sijatafuta kiti. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja kutoka mbali, mpole, mwenye subira ya maksai. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mama alijua kazi yake. Alitwambia mtihani mzuri hautungwi na mwalimu anayekumbuka kitabu. Unatungwa kwa kumuuliza mfanyakazi anafanya nini, kipande kwa kipande, halafu mtahiniwa anaambiwa afanye hichohicho, watu wakimtazama.

"Ukifika kazini asubuhi, unaanza na nini?" alituuliza.

"Nawasha redio," fundi mmoja akajibu, ukumbi ukacheka.

Naye akacheka, akangoja. Tukaanza kusema, yeye akiandika kila kazi kwenye kadi yake na kuibandika ukutani. Mtu akisema "fundi ajue umeme", alitikisa kichwa. "Kujua sikuoni kwa macho. Anafanya nini, nikasimama hapa nikamwona?" Basi mtu anakuna kichwa, anasema, "Anakata umeme, anafunga swichi kwa kufuli, anapima kama waya umekufa kweli." Kadi hiyo inapanda. Kufikia mchana ukuta ulikuwa umejaa kazi yetu yote, na mimi nilikaa pale nikiutazama. Sijawahi kuona mtu yeyote akiiheshimu kazi yangu kiasi kile.

Kisha tukapima uzito. Kila kadi ilihojiwa: inafanyika mara nyingi? Ikikosewa, nani anaumia? Kadi nyepesi zingeulizwa kwa mdomo, na zile nzito zingefanywa kwa mikono mbele ya mtahini. Nzito kuliko zote ilikuwa ile ya kubadilisha pampu mdomoni mwa duara: kukata umeme, kuipandisha pampu mbovu, kuunga nyingine, kuona inazunguka upande unaotakiwa, kuishusha na kuiwasha. Hapo hapakuwa na ubishi. Ukikosea mdomoni, umeme unaingia kwenye maji, na ndani ya maji kuna watoto wa watu. Aliyeshindwa kadi hiyo, tulikubaliana, asipewe cheti, hata kama nyingine zote kafanya vizuri.

Nikanyoosha mkono. "Na sisi tusioruhusiwa kufika mdomoni?"

Asiyekaa huku inabidi aelezwe. Kwenye maduara mengi mwanamke hasogei mdomoni. Wanavuta kamba kuzunguka pale, na kamba hiyo ndiyo mpaka wake. Wanasema akiivuka, dhahabu inakimbia. Namfahamu mama mmoja mwenye leseni yake halali, anayewalipa wachimbaji kwa mkono wake mwenyewe, na duara lake hajawahi kulichungulia. Anamtuma mpwa wake akamtazamie mali yake.

Fundi mmoja mzee, tuliyemweka mbele kama mkubwa wetu, akanijibu kwa upole ule wa kumtuliza mtoto. "Mama Fundi, hapa tunaandika kazi. Hatuandiki mila."

Watu wakapiga meza kwa kufurahi. Mwezeshaji akaniambia nisiwe na wasiwasi, litajengwa duara la mfano kwenye uwanja wa chuo, na watahiniwa wote watafanyia hapo, wake kwa waume. Nikaamini. Nilirudi Katoro nikamwambia wifi afanye mazoezi, mtihani huu ni wake, umekatwa kwa kipimo cha mikono yake. Alifanya mazoezi ya kuunga nyaya mpaka watoto wakawa wanajua rangi za fezi kabla ya kujua rangi za bendera.

Duara la mfano halikujengwa. Kwanza tuliambiwa nafasi haitoshi. Baadaye wakageuza maneno: ni afadhali hivyo, kwa sababu mtihani ukifanyiwa kazini penyewe unakuwa wa kweli zaidi. Wakapata duara moja upande wa Rwamgasa, mwenyewe kalitoa bure. Sisi tuliotunga tulialikwa kwenda kuangalia.

Asubuhi hiyo wifi alivaa ovaroli niliyomnunulia, kaipiga pasi mpaka ina mistari. Watahiniwa wengine wote walikuwa wanaume. Tukasalimiana, mwangaluka huku, shikamoo kule, kazi ikaanza kwenye banda la mabati. Mtahini alikuwa bwana mmoja kutoka Shinyanga, mtu wa haki, sikumwona akimpendelea yeyote. Wifi alifungua mota, akasuka, akapima, akaeleza. Kila alipomaliza kitu mtahini aliandika "ameweza" na kusogea mbele. Nilikuwa nimesimama na mafundi wenzangu, na nilijivuna waziwazi.

Zamu ya mdomoni ikafika. Wanaume walivuka kamba mmoja mmoja wakafanya kazi yao. Mmoja aliunga nyaya vibaya, pampu ikazunguka kinyumenyume. Mtahini akamwambia, "Tulia, angalia tena." Akaangalia tena, akabadilisha fezi mbili, akaandikiwa ameweza. Sina neno na hilo, hata mimi hukosea.

Wifi akaokota bisibisi zake, akatembea mpaka kwenye kamba. Mwenye duara akasimama mbele yake.

"Mayu, hapo ndio mwisho," akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mtahini akamweleza kwamba huyu naye ni mtahiniwa. Mwenye duara hakupandisha sauti. "Mimi nimetoa duara langu bure kwa ajili ya mtihani wenu. Sikusema nimetoa na dhahabu yangu ikimbie. Nina vijana wanakula hapa." Kisha akaona atusaidie. "Mume wake yuko wapi? Aje amfungie, ninyi andikeni amefunga yeye."

Wifi alishika bisibisi kwa mikono miwili akiangalia chini, na mimi nikajua anamfikiria yule aliyeko Chunya, kama yuko. Hapo ndipo nilipofyatuka.

"Dhahabu inakimbia kwa miguu gani?" nilimuuliza. "Hiyo pampu inayokuvutia maji tangu masika imesukwa na huyuhuyu. Mikono yake imo humo ndani ya duara lako, kwenye kila koili. Mbona haijakimbia?"

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. "Mota haiendi mwezini, mayu," akasema.

Alisema vile mbele ya watu wote, mbele ya vijana ambao wifi angeweza kuwazaa, kama anayesema mvua itanyesha. Wengine wakageuza uso. Wengine hawakugeuza. Niliangalia wale mafundi wenzangu, wale wazee niliowaamkia, nikingoja mmoja wao akohoe tu, aseme hata "bwana, taratibu". Walikuwa wanachunguza vidole vya miguu yao. Niliona hasira ikinipanda mpaka masikio yakaziba, na ninavyoandika hapa bado inapanda.

Nikamgeukia mtahini. Alikuwa ameaibika, namwonea huruma kwa hilo. Akanionyesha karatasi yake. Ina safu ya ameweza na safu ya bado. Safu ya aliyezuiwa haipo. "Mama, mimi naandika ninachokiona kimefanyika," akasema. "Hiki hakijafanyika." Akaandika bado. Na kwa kuwa tulikubaliana wenyewe, kule kwenye mapazia mazito, kwamba anayekosa kadi hiyo amekosa yote, wifi akakosa yote. Hakukosea hata waya mmoja.

Nilipiga simu. Nikapanda ofisi hii nikashuka ile, nikaketi kwenye mabenchi, nikaambiwa mwenye kuhusika yuko safarini. Nilisumbua mpaka wakaona rahisi kuitisha kikao kingine kuliko kuniona mlangoni. Ukumbi uleule, mafundi walewale, mwezeshaji yuleyule, safari hii amechoka.

Nilisema yote. Wakanisikiliza vizuri, lazima nikiri hivyo. Kisha yule mzee wetu akasema anasikitika, lakini kazi ndivyo ilivyo, na wenye maduara hawawezi kulazimishwa. Nikamtazama mwezeshaji, nikidhani yeye atasimama. Akasema taratibu, "Mama, msingi wa mtihani huu ndio huo. Tunapima kazi ilivyo. Hatupimi inavyopaswa kuwa."

"Basi mbona hamkuweka kadi ya kuiba waya wa shaba?" nikauliza. "Nayo ni kazi ilivyo. Inafanyika kila wiki."

Wakacheka, wakidhani natania. Sikuwa natania hata kidogo.

"Na hiyo ya kuvaa glavu iko ukutani," nikaendelea. "Nani hapa ana glavu? Nyoosheni mikono niione." Hakunyoosha mtu. "Hakuna fundi Katoro nzima anayevaa glavu, lakini kadi tuliiweka, na tukaipa alama, kwa sababu tulisema fundi anapaswa. Tuliwaza mikono yenu isiungue. Kwa hiyo tunajua kuandika inavyopaswa. Tunajua sana. Ikifika kwenye kamba ndipo tunakumbuka kuandika ilivyo."

Ukumbi ulinyamaza, feni zikalia peke yazo. Nilidhani nimeshinda. Mjinga mimi! Ukimya wa watu wenye adabu nimeishi nao tangu utotoni Shinyanga, na bado nikausoma vibaya. Walikuwa wananisubiri nimalize tu.

Wakaja na suluhisho. Kitakuwepo cheti cha pili, kidogo chini ya kile cha kwanza, chenye kadi zote isipokuwa za mdomoni. Kitaitwa cha fundi mota wa karakana, na mwenye nacho ataruhusiwa kufanya kazi juu tu. Wanawake watafaulu bila usumbufu, wenye maduara hawatakwazika, na wifi yangu, kwa kuwa kazi zake zingine zote zimeshaandikwa ameweza, atakipata bila kurudia mtihani. Yule mzee alilisoma azimio kwa sauti ya kutoa zawadi. Wakapiga makofi. Wakanigeukia wakipiga makofi, wakinipongeza mimi, kwamba nimewapigania wenzangu! Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka soda niliyoiacha mezani ikachukuliwa na mtu mwingine.

Nilifika nyumbani nimeshaamua. Wifi atakikataa. Atakirudisha kwa barua, tutangoja, tutawachosha. Nikamweleza nikiwa bado nimesimama, kanga haijanikaa vizuri, naongea kama mtu wa kampeni. Yeye alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nikamaliza.

"Wifi," akasema, "hasira yako ina karakana. Ukishamaliza kukasirika unafungua mlango, wateja wanakuja. Mimi hasira yangu nikailishe nini?"

"Wamekudhalilisha."

"Wamenidhalilisha. Sasa na mimi nijinyime?"

Nilimkasirikia na yeye. Nilimwambia maneno makali, kwamba watu wa namna yake ndio wanaotufanya tukanyagwe. Akaendelea kuchambua mchele, akitoa chenga na vijiwe, akaniuliza kama tukaange dagaa au tupike maharage. Wiki ile akaenda kukichukua cheti chake. Hakuniomba nimsindikize.

Kazi aliipata. Kampuni moja inayofanya kazi ndani ya mgodi mkubwa ilikuwa inatafuta mafundi mota, ikamchukua. Siku ya kwanza basi la wafanyakazi lilimpitia barabarani, mbele ya karakana, na watoto wake wakakimbia nyuma ya vumbi wakipiga vigelegele. Bima ipo. Mtoto wake wa mwisho kapimwa masikio na daktari wa kweli. Haya yote ni mema, nayasema ili nisionekane sina shukrani.

Ila nilitarajia jambo moja. Nilijua migodi mikubwa haina habari za kamba. Kule hakuna anayesema dhahabu inakimbia. Wanawake wanaendesha yale magari yenye matairi marefu kuliko nyumba yangu, wanashuka nayo hadi chini kabisa ya shimo na kupanda nayo wamebeba mawe. Nikajiambia, akishaingia mle, nani atamuuliza mambo ya Rwamgasa? Watamwona anavyofanya kazi, watampeleka kwenye pampu za chini, na huko ndiko kuna mshahara wa fundi kamili.

Alipokuja kunitembelea siku yake ya mapumziko, nikamuuliza kama ameshashuka. Akasema hapana, na hatashuka. Pampu ya chini ikiharibika, wanamletea juu, anaisuka, na fundi mwingine anaipeleka. Alimwomba mkubwa wake amjaribu. Mkubwa wake, mgeni, wala hajui kwamba kuna kamba hapa duniani, akafungua faili lake, akamsomea kilichoandikwa kwenye cheti: juu tu. Akamwambia samahani, mama, sisi tunafuata cheti, kwa sababu vyeti vya siku hizi vimetungwa na watu wenye kazi yao.

Yule mwenye duara hajafika kwenye mgodi ule hata siku moja, wala hangeruhusiwa kuvuka geti. Lakini mwiko wake umefika, umepigwa muhuri, na umepewa faili.

Wifi alikuwa anakunywa chai, ovaroli mpya ya kampuni ameikunja vizuri mapajani. Akaniambia karakana yao iko pembeni ya barabara ya kuteremkia shimoni, kwa hiyo anawaona wale madereva wa kike kutwa nzima, wanapita wakienda chini, na wamemzoea, wanampungia mkono kutoka kule juu kwenye viti vyao.

"Na wewe unafanyaje?" nikamuuliza.

"Na mimi nawapungia, wifi," akasema. "Nifanyeje?"